Mjadala: Kupanda migomba kwenye mashimo ya barabara kunaleta lami, au kunaleta askari tu?

Jirani wa Mtaa (anafungua mjadala)

Masika yakianza, picha huwa zile zile kote Kenya. Wakaazi waliochoka na barabara wamekata migomba shambani na kuisimamisha katikati ya mashimo. Mwingine ameketi juu ya kigoda, ameshika ndoana, anavua kwenye dimbwi lililo mbele ya duka. Kwengine matairi yanawaka na magari yamepanga foleni. Kisha polisi wanafika.

Wako wanaosema hizi ni fujo, kwamba mwananchi mstaarabu huandika barua na kusubiri. Mimi nasema mgomba umefanya kazi ambayo barua haijawahi kufanya. Na msinieleze habari ya subira kabla ya kupiga hesabu hii: tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Matatu inayotia lita 40 imelipa shilingi 1,000 za barabara kabla ya kubeba abiria wa kwanza, na fedha hizo hutoka kwenye nauli ya mama anayekwenda sokoni. Huyo mama haombi hisani. Ameshalipia matengenezo, na kazi haikufanywa.

Anayepinga alete hoja.

Fundi Lami

Hasira ni ya haki, sipingi. Lakini nizungumzie matairi kwanza, maana hapo waandamanaji hujichimbia shimo wenyewe.

Lami ya kawaida ya barabara huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 50 hivi. Tairi linapowaka juu yake, lami inayoshika kokoto huungua, na kokoto zikikosa cha kuzishika hubaki zimekaa tu. Mvua moja na malori mawili, zimeondoka. Pale palipochomwa tairi Aprili, Juni utakuta shimo jipya. Tena tairi likiisha huacha nyaya za chuma, na wanaozikanyaga ni bodaboda.

Mgomba nao una namna yake. Watu hupiga jembe chini ya shimo ili mgomba usimame. Usichimbe! Chini ya lami kuna tabaka la kokoto zilizoshindiliwa, nalo ndilo linalobeba uzito wa gari. Ukilivunja, maji hupenya mpaka kwenye udongo, na shimo la sentimita 5 huwa la sentimita 20. Tia mgomba kwenye tairi kuukuu au ndoo iliyojaa mchanga, uiweke juu. Na jua likizama uondoeni, au mfungeni kitambaa cheupe na vibandiko vinavyoakisi mwanga. Usiku mgomba hauonekani, na mwenye pikipiki hana taa za lori.

Wakili wa Mitaani

Nimeona watu wakikamatwa bure kwa kutojua sheria, basi niiweke hapa.

Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi kwa amani na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma. Sharti ni amani, na kutobeba silaha.

Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, inataka notisi. Notisi, si ombi la kibali. Tofauti hii ndiyo inayopotea kituoni. Inapelekwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo lenu siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe. Ndani yake muandike majina kamili na anwani ya waandaaji, tarehe, saa, na mahali pa mkutano au njia mtakayopita. Saa ziwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Pelekeni nakala mbili. Moja mwache, ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe, mrudi nayo. Wasiokuwa na nakala yenye muhuri ndio husikia "hatukupokea kitu".

Sababu ambayo sheria imeiandika ya OCS kukataa siku hiyo ni kwamba mwingine ametangulia kuleta notisi ya siku, saa na mahali hapo hapo. "Afisa wa operesheni hayupo" si sababu.

Mtu akikamatwa, Kifungu cha 49 kinasema afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24 tangu alipokamatwa, isipokuwa saa hizo zikiisha nje ya saa za korti, hapo ni siku ya korti inayofuata. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande. Kwa hivyo polisi wakipenda sana kukamata Ijumaa jioni, mjue kwa nini, na maandamano yenu yafanyeni Jumanne.

Karani wa Kamati

Ndugu Jirani, hoja yako ya fedha ni nzito, lakini mgomba wako unasimama mbele ya mlango usio na mtu.

Kwanza, barabara ni ya nani? Mashirika matatu ya serikali ya taifa yana zake. KeNHA wana barabara kuu, kama ile ya Mombasa kwenda Malindi. KURA wana barabara za taifa zilizo mijini, KeRRA zilizo mashambani. Zilizobaki ni za kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya taifa na kaunti. Watu wakizunguka afisi ya gavana kwa shimo lililo kwenye barabara ya KeNHA, gavana atawapokea kwa tabasamu na kuwaambia ukweli: si yangu. Siku imepotea, na watu 200 hawakusanyiki mara mbili kwa urahisi.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, ni tarehe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unaofuata hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Sasa tazama mvua: mashimo hufunguka Aprili na Mei, hasira hupanda Mei, wakati makadirio yameshaingia bungeni. Kinachobaki ni wiki chache ambazo kamati ya bajeti inaweza kuyarekebisha kabla ya Juni 30. Anayeandamana Julai, wakati bajeti imeshapitishwa, analilia mwaka mzima unaofuata. Hapo hata afisa mwema atakwambia hana fungu.

Kwa hiyo mimi nasema barua kwanza. Ombi kwa bunge la kaunti halina ada, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkaazi haki hiyo. Liandikwe kwa lugha ya heshima, litaje jambo moja, lieleze mlikwenda kwa nani kabla na mkajibiwa nini, na kama shauri liko mahakamani. Kila mtu atie jina, nambari ya kitambulisho, sahihi au kidole. Maombi mengi huanguka kwa kipengele kile cha "mlikwenda kwa nani kabla". Watu hukiacha wazi.

Jirani wa Mtaa

Bwana Karani, umesema vizuri, lakini unasema kama mtu anayeamini kuwa karatasi hujibiwa. Wakaazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliolishwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walifungua kesi 2016 na hukumu ya shilingi bilioni 1.3 ikatoka 2020. Baada ya hapo rufaa. Hao walikuwa na vipimo vya damu na wanasheria. Mtaa wenye shimo una nini?

Barua hulala kwenye trei. Mgomba hupigwa picha ile asubuhi, jioni mwakilishi wadi anapigiwa simu na jamaa zake. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mnyonge anayo, na nyinyi mnataka aiweke chini apange foleni.

Wakili wa Mitaani

Hakuna aliyesema iwekwe chini. Ila kuna karatasi moja isiyolala kwa urahisi. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mwananchi akiomba habari, afisi ya umma lazima ijibu ndani ya siku 21. Inaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kuomba ni bure, hulipishwi ila gharama ya nakala. Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Ombeni mambo haya tu, msiandike hadithi: jina la mkandarasi wa mwisho wa barabara hii, thamani ya mkataba, tarehe ya kukabidhi kazi, na muda wa dhamana unaisha lini.

Fundi Lami

Hapo kwenye dhamana ndipo penyewe! Wakili amepita upesi, mimi nakaa.

Mkataba wa barabara huwa na muda wa dhamana, mara nyingi miezi 12 tangu kazi ikabidhiwe. Sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa mpaka muda huo uishe. Shimo likitokea ndani ya miezi hiyo kwa ubovu wa kazi, anarudi kuziba kwa fedha zake. Haihitajiki bajeti mpya, wala hakuna haja ya kungoja Julai, Bwana Karani. Inahitajika mhandisi wa kaunti kuandika barua moja kabla ya muda kwisha. Hapo ndipo uzembe wa afisi huumiza zaidi: siku zinapita, fedha zilizozuiliwa zinaachiliwa, na wiki tatu baadaye kaunti inatafuta fedha za kuziba mashimo yale yale.

Maandamano ya mwezi wa 10 wa dhamana yana thamani kuliko ya mwezi wa 14. Lakini nani huandamana huku akijua ni mwezi wa ngapi?

La pili ni kinachodaiwa. Mabango husema "Zibeni mashimo". Shimo ni dalili. Maji hupenya kwenye ufa, hukaa chini ya lami kwa sababu mtaro umeziba, gurudumu likipita huyasukuma na kuondoka na vumbi linaloshikilia kokoto, mpaka lami inabaki juu ya uwazi na kukatika. Ukiziba shimo na mtaro umejaa takataka, masika yajayo liko pale pale. Daini mtaro na kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kwanza.

Mchuuzi wa Sokoni

Mnazungumza vizuri, ndugu zangu, ila hamkumtaja anayeumia barabara ikifungwa. Sukumawiki haingoji. Ikikaa juani kwa muda wa saa nne imenyauka, bei imeshuka nusu. Na gari la mgonjwa je? Mkifunga, acheni upande mmoja wazi na watu wawili wenye fulana za kung'aa wa kuongoza magari. Kufunga kote kote kunawafanya wanyonge wagombane wao kwa wao, na afisa amelala kwake.

Halafu vile vikao vya kusikiza maoni ya bajeti. Tangazo hutolewa siku chache kabla, kikao ni asubuhi ya siku ya kazi, mbali na soko, na vitabu ni vinene. Ukifika unakuta wamejaa walioletwa kwa basi. Nendeni mkaandamane huko, mlangoni mwa kikao!

Karani wa Kamati

Dada Mchuuzi amenigeuza kidogo, nakiri. Mlango wa kikao ni mahali pazuri kuliko katikati ya barabara, kwa sababu kinachosemwa mle huandikwa kwenye ripoti ya kamati, na mwenye bango anaweza kuingia akasema kisha akatoka.

Ila ingieni mkijua cha kutafuta. Kitabu cha makadirio mara nyingi husema tu "matengenezo ya barabara" na jumla ya fedha, bila jina la barabara hata moja. Fedha zisizo na jina huenda zinakopendwa. Ulizeni orodha ya miradi kwa kila wadi, na mkiambiwa haijakamilika, ombeni neno hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Pia pelekeni maoni kwa maandishi, ukurasa mmoja, nakala mbili, muhuri kama alivyosema Wakili. Anayesema kwa mdomo pekee hufupishwa kuwa "wakaazi walilalamikia barabara".

Kwa Jirani bado nashikilia: mgomba bila ukurasa huo ni picha ya siku moja.

Jirani wa Mtaa

Na ukurasa bila mgomba hausomwi na mtu. Sirudi nyuma kwa hilo. Lakini nikubali la tarehe, sikuwahi kulipima. Fundi, ukurasa huo uandikwe nini ili mhandisi asiucheke?

Fundi Lami

Vipimo. Chukueni futi kamba na fimbo. Kila shimo: urefu, upana, kina, na liko mbele ya nini ("mita 30 kutoka lango la shule, upande wa kushoto ukienda sokoni"). Piga picha fimbo ikiwa ndani. Pimeni kingo baada ya kufagia, maana lami inayocheza ukiikanyaga huhesabiwa ndani ya shimo. Fundi ataikata mraba mpaka kwenye lami nzima.

Hesabu ni hii. Shimo la mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 5, ni mita za ujazo 0.05. Lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.3 hivi kwa mita moja ya ujazo, basi shimo hilo linataka kilo 115. Mashimo 40 ya namna hiyo ni tani 4.6. Lori moja la tani 7 linabeba na kubakisha. Mkiweka jambo hilo juu ya bango, "Mashimo 40, lori 1", hakuna afisa atakayesema kazi ni kubwa mno.

Na siku watakapokuja, simameni mtazame. Wafagie na kukausha shimo, wapake lami nyepesi chini na kwenye kingo, wajaze kupita usawa kidogo, washindilie kwa mashine na si kwa sepetu. Lami ya moto ifunikwe turubai njiani. Ikipoa chini ya nyuzi 80 hivi haishindiliki tena, itang'oka kabla ya vuli. Wakimwaga udongo mwekundu, pigeni picha, andikeni tarehe na nambari ya lori, na mpeleke kwa mhandisi aliyetia sahihi ya kazi hiyo.