Naombeni ushauri: nihame na mbwa wa marehemu mume wangu au nimuache?

Habari zenu wapendwa. Naishi Moshi na wanangu wawili, mume wangu alifariki mwaka jana kwa presha. Aliacha mbwa wake anaitwa Simba, hawa wa kienyeji tu, alimlea toka kadogo. Watu walivyotawanyika baada ya msiba nyumba ikabaki kimya, usingizi sipati, chakula hakipiti, ila Simba kila usiku analala mlangoni kwangu na asubuhi anakwaruza mlango mpaka niamke nimpikie dona na dagaa, kwa hiyo hata siku ambayo sitaki kuona mtu nilikuwa natoka nje kwa ajili yake. Jioni tunatembea, namuongelesha habari za baba watoto, nalia, yeye ananilalia miguuni. Kwa kweli kanitoa mbali kuliko yale maneno ya jikaze, kazi ya Mungu haina makosa.

Sasa nimepata uhamisho kwenda Dar, wenye nyumba wengi hawataki mbwa, na mashemeji wanasema nimuache maana mjane kushinda na mbwa ni kujichelewesha kupona. Mimi sioni hivyo kabisa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kapata na kadi ipo. Waliowahi kusafirisha mbwa toka mkoani mlimbebaje, basi wanakubali au nitafute fuso? Kibali cha daktari wa mifugo mlichukulia wapi? Na mliofiwa na mwenza, mwanangu wa mwisho anamwita mbwa wa baba, tukimuacha si tutakuwa tumemfiwisha mara ya pili? Narepoti kazini mwezi ujao, naombeni msaada.