MJADALA: Shahada ya kwanza ya IR ifutwe, ibaki ya uzamili tu?

Kijiwe cha Dodoma (mtoa hoja)
Wakuu, sizunguki. Vyuo vyetu viache kufundisha Mahusiano ya Kimataifa, hii tunayoiita IR, kwenye shahada ya kwanza. Ibaki uzamili. Kijana asome kwanza sheria, uchumi, takwimu, hata kilimo, ndipo aje ajifunze jinsi nchi zinavyojadiliana akiwa tayari ana kitu cha kujadili.

Balozi zetu nje hazifiki 50, na kiti cha balozi hakitangazwi Ajira Portal, ule mtandao wa serikali wa kuombea kazi, ni uteuzi wa Rais. Dkt. Slaa alitoka kwenye upadri na siasa, 2017 akateuliwa kwenda Sweden. Sirro alitoka kwenye ukuu wa polisi (IGP) 2022, akaenda Zimbabwe. Dkt. Migiro, aliyefika kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ni mwanasheria. Sisemi hawakustahili. Nasema walipita njia nyingine kabisa na hii tunayowaonyesha watoto wa kidato cha sita. Nafasi za maafisa wa kuajiriwa ni chache, na huko nako wanakutana na wanasheria na wachumi.

Binti Kurasini
Kaka, unahesabu mabalozi unasahau wanaowaandalia kazi. Mwanasiasa akishateuliwa, nani anamwandikia taarifa? Nani anajua mkataba fulani ulisainiwa lini na kifungu gani kinatubana? Chuo cha Diplomasia hapa Kurasini kilianzishwa 1978 na Tanzania na Msumbiji kwa pamoja, wakati Rhodesia ya Smith (Zimbabwe ya leo) bado ipo na makaburu wameshika Afrika Kusini. Walihitaji watu wa kazi hiyo haraka. Hawakuambiana vijana wakasome kilimo kwanza! Na leo chuo kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia hasa.

Kijiwe cha Dodoma
Dada yangu, Salim ananibeba mimi. Alipelekwa Cairo kuwa balozi 1964 akiwa na miaka 22. Shahada ya uzamili ya masuala ya kimataifa pale Columbia aliipata miaka ya sabini, kazi ameshaifanya. Ndicho ninachodai.

Binti Kurasini
Nchi changa, wasomi wa kuhesabu. Leo nani atamteua kijana wa miaka 22 kuwa balozi? Mfano wa 1964 haumsaidii mhitimu wa sasa hivi.

Wakala wa Tunduma
Naona mnabishana juu ya ofisi za wizara kule Mtumba, Dodoma, na za Umoja wa Mataifa New York. Mimi nina IR na kazi yangu ni uwakala wa forodha, mpakani na Zambia. Aprili 2025 waziri wa kilimo, Bashe, alipiga marufuku mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, kwa sababu Malawi ilikuwa imezuia mazao ikiwemo mchele na unga wetu, na Afrika Kusini imezikataa ndizi zetu miaka mingi. Simu zilivyoita siku hizo! Kila mwenye mzigo anataka kujua wake umo au haumo, na lini wakubwa watakaa mezani. Baada ya siku chache wakazungumza, katazo likaondolewa. Sasa niambieni, hayo si mahusiano ya kimataifa?

Ila chuoni nilifundishwa Vita Baridi mpaka nikawa naiota. Miaka mitatu hakuna aliyetuwekea mezani cheti cha uasilia wa bidhaa, kile kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, tukisome mstari kwa mstari. Nilikijulia hapa, nikifundishwa na dogo wa kidato cha nne. Kwa hiyo sitaki ifutwe. Nataka mtaala uguswe, maana tangu sera ya mambo ya nje ya 2001 tunaimba diplomasia ya uchumi, yaani mahusiano ya nje yatuletee biashara, halafu mhitimu hajui ushuru unakokotolewaje.

Mwalimu wa Ujiji
Tunduma kagusa penyewe. Naongeza lugha. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha, mlangoni kwetu, lakini ajira zake zinagawanywa kwa mgao wa nchi na sasa tuko wanachama wanane. Kongo ya Kinshasa iliingia 2022. Mwaka uliotangulia wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kijana wa Bujumbura au Goma anakuja na Kiswahili na Kifaransa. Wetu anamaliza IR, ukimwambia *bonjour* anacheka. Na ule mtihani wa Umoja wa Mataifa wa kuajiri vijana una kikomo cha miaka 32, tena nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo. Ukisota mtaani ukisubiri konekisheni, umri unapita.

Mama Sumbawanga
Wanangu, mimi nina binti kamaliza HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kapangiwa hiyo hiyo IR na mkopo wa bodi kapata. Deni lile akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, sasa asipoajiriwa? Nimwambie aache?

Kijiwe cha Dodoma
Mama shikamoo. Mimi ningemwambia abadili, aombe sheria kama alama zinaruhusu. Msimamo wangu ni ule ule.

Binti Kurasini
Mama, asiache. Ila Kifaransa aanze mwaka wa kwanza, asingoje mtu amwambie.

Wakala wa Tunduma
Shikamoo mama. Aende, na kila kozi ya hiari ya biashara au forodha aichukue hata kama marafiki zake wanaikimbia. Halafu fildi asiende kukaa ofisi ya kata kupanga mafaili. Kutoka Sumbawanga mpaka hapa Tunduma ni basi moja tu. Tutampokea, na mke wangu amesema chumba kipo.