Tochi ya trafiki inapima mwendo, haipimi mwanga: haya mapikapu ya Marekani Kitonga na Iwambi yataendelea mpaka lini?

Wakuu, heshima zenu.

Uzi huu ni wa hasira, atakayeudhika avumilie. Nauelekeza kwa wenye mapikapu makubwa yanayoshushwa kutoka Marekani na Dubai, usukani kushoto, boneti inamfika mtu mzima kifuani, yanapanda mlima Kitonga wa Iringa usiku kama barabara ni ya baba yao. Nauelekeza pia kwa sisi tunaoyashangilia. Bodaboda asiye na kioo cha pembeni tunamwita mhuni. Pikapu ya Ford F-150 ikipita inapofua watu tunasema "mwenye hela huyo, mpishe".

Nianze na taa, maana hapo ndipo watu wengi hawaelewi kinachowapata.

Dimu, yaani taa ya chini, haimwagi mwanga sawasawa mbele. Upande mmoja mwanga umekatwa chini, upande wa pili una mkia unaopanda juu kidogo ili umulike ukingo wa barabara, watembea kwa miguu na vibao. Gari iliyotengenezwa kwa nchi kama yetu, tunaoendesha kushoto, mkia wake unapanda kushoto. Ya Marekani na ya Dubai mkia unapanda kulia. Kwetu kulia ni wapi? Ni kwa anayekuja. Kwa hiyo jamaa anashuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni akiwa na dimu kabisa, haongopi, lakini mkia wa taa zake umelenga macho ya dereva wa Noah anayepanda. Unampigia taa apunguze, anakujibu kwa full yenyewe kukuonyesha kuwa ile ya kwanza ilikuwa dimu. Sekunde mbili huoni kitu, na kona za pale mnazijua.

Ongeza urefu. Sheria za Marekani zinaruhusu taa kubwa kukaa hadi inchi 54 kutoka chini, yaani sm 137. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zinaishia sm 120 kwa dimu. Dereva wa IST macho yake yako humo humo. Halafu mtu anainyanyua kwa springi ndefu na matairi makubwa, anapakia lumbesa za viazi kutoka Isyonje, nyuma inakaa, pua inaangalia mbinguni. Pua ikipanda digrii moja tu, mwanga kwenye mita 50 unapanda karibu sm 87. Magari mengi ya Japani na Ulaya yana kitufe cha 0 hadi 3 cha kushusha taa ukibeba mzigo. Mengi ya Marekani hayana.

Mwenye gari apime mwenyewe, haigharimu hata mia. Tafuta ukuta na sehemu tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, simama mita 10 kutoka ukutani. Pima kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama ya urefu huo huo ukutani, washa dimu. Mstari wa mwanga unapokatika uwe chini ya alama: sm 10 hadi 15 kwa gari fupi, sm 15 hadi 20 kwa taa iliyozidi mita moja. Kisha angalia mkia. Ukipanda kulia, hiyo gari usiku ni silaha.

Dawa? Kwa Hilux na Land Cruiser za Dubai ni rahisi, taa za usukani wa kulia zipo na zinaingia kwenye bodi ile ile. Badilisha taa nzima zote mbili. Kubadilisha balbu hakusaidii chochote, mkia unatengenezwa na kioo na umbo la ndani. Kwa F-150, Ram na Tundra ndipo pagumu, na ndiyo maana ulitakiwa kuuliza kabla ya kuagiza. Angalau ziba: mtu mmoja aangalie ukuta, mwingine asogeze kipande cha boksi mbele ya kioo cha taa mpaka ule mkia upotee, halafu bandika utepe usiopitisha mwanga pale pale. Kwenye taa za halojeni utepe unaweza kuyeyuka kwa joto, kagua kila wiki. Na tafadhali acheni kuchomeka balbu za LED kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni. Chanzo cha mwanga hakikai sehemu ile ile, mwanga unatapakaa kila upande, mkia unakuwa kichwa kizima.

Trafiki anasimama mchana na tochi, anapima mwendo. Nani anapima mwanga saa mbili usiku?

Mwendo wenyewe nao una kichekesho. Gari nyingi za Marekani namba kubwa kwenye dashibodi ni maili. Dereva anaingia Uyole, Mbeya, anaona kibao cha 50, anaweka mshale kwenye 50, roho yake safi. Maili 50 ni kilomita 80. Zenye skrini zinabadilishwa kwenye menyu kwa dakika moja. Zenye mshale soma namba ndogo za kilomita za ndani, au chora alama kwenye 30, ambayo ni km 48.

Indiketa za nyuma: Ulaya na Japani zina rangi ya chungwa. Marekani wanaruhusu nyekundu, na nyingi zinatumia taa ile ile ya breki. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, mguu uko kwenye breki muda wote. Jamaa akiwasha indiketa, bajaji wa nyuma anaona nyekundu moja imetulia na nyingine inapepesa. Anadhani waya umelegea. Fundi umeme yeyote wa Mwanjelwa anaweza kufunga taa ya chungwa ya pembeni na kuitengea waya wake.

Kuovateki sisemi sana. Ukikaa kushoto nyuma ya semi, huoni mbele mpaka utoe karibu gari zima upande wa wenzako, na F-150 ina mita 2.03 bila vioo, 2.43 na vioo. IST ina 1.695. Kaa mbali na semi ndipo utaona. Ukiikaribia umejifungia dirisha.

Kuna atakayesema malori yenye usukani kushoto ni mengi, mbona hayasemwi. Yanasemwa! Yameandikwa LEFT HAND DRIVE nyuma kwa herufi kubwa, yanapimwa kwenye mizani ya Wenda na Mpemba, na dereva anajua mwisho wake ni 80. Sasa mwenye Ram 2500 afungue mlango wa dereva, asome kibandiko kwenye nguzo, palipoandikwa GVWR, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari pamoja na mzigo. Zinafika pauni 10,000, ambazo ni kilo 4,536. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inasema gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 lisizidi km 80 kwa saa. Kwa uzito huo wewe ni lori, kaka. Na kodi ya kuingiza haiangalii upana wala urefu wa boneti, kwa hiyo hakuna mahali ulipoambiwa.

Boneti nayo. IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za huko huko Marekani, ilitoa utafiti 2023: magari yenye boneti inayozidi sm 102 yana uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kuua mtembea kwa miguu anapogongwa, kuliko yenye boneti ya sm 76 kushuka na pua iliyolala. Hao ni Wamarekani wenyewe. Sisi tunaongeza ngao ya chuma mbele, halafu tunapita nayo Kabwe watoto wakitoka shule.

NYONGEZA: Aliyeuliza hapo chini kama stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama haitoshi, stika inabandikwa kioo cha mbele, taa ziko juu ya bampa. Na wewe mwenye Tundra unayesema taa zako "ziko poa kabisa", leo giza likiingia tafuta ukuta, piga picha ya dimu kutoka mita 10, iweke hapa tuone mkia unapanda wapi.