Muvi za msimu huu (Agosti 2023): mbona zote ndefu halafu haziishi?

kijana_wa_kibokoni

Wadau salam. Mimi si mjuzi wa muvi, ni mtu wa kwenda tu nikipata nafasi wikendi, hasa hii miezi ya katikati ya mwaka wazungu wanapotoa zile kubwa kubwa zote kwa mpigo. Mwaka huu nimejitahidi, karibu zote nshaziona, kuanzia Fast X mwezi wa tano mpaka Oppenheimer juzi, na kuna kitu chanikera sijui ni mimi peke yangu ama na nyinyi mwakiona.

Haziishi! Fast X nimekaa saa mbili na zaidi, Vin Diesel yuko chini ya bwawa na mtoto wake, juu yao bwawa lataka kuripuliwa, Jason Momoa acheka, mimi nimeshika kiti... mara majina yashuka. Watu wakatazamana. Nikasema haya, hiyo ni moja. Nikaenda ile ya Spider-Man ya katuni, Across the Spider-Verse, tamu wallahi sisemi uongo, zile rangi utadhani mtu ametandaza leso za duka zima ukutani, lakini dakika 140 kisha Miles ajikuta kwenye ulimwengu sio wake, nasema sasa ndio kwanza mambo yaanza, kumbe ndio kwaherini. Halafu Tom Cruise na Mission Impossible yake. Huyo angalau ameandika kwenye jina lenyewe kuwa ni sehemu ya kwanza kwa hivyo simlaumu sana, na ile ya kuruka na pikipiki kutoka jabalini kule Norway aliifanya mwenyewe na miaka yake karibu sitini, mimi ngazi za nyumbani tu zanitosha. Lakini jumlisha: tikiti tatu kamili, visa vitatu nusu nusu. Kinyozi akininyoa upande mmoja akaniambia njoo mwakani namlipa?

Na huo urefu sasa. Mission Impossible ya kwanza ya 1996 ilikuwa dakika 110, hii ni 163. Indiana Jones ya kwanza 1981 dakika 115, hii ya Harrison Ford wa miaka 80 ni 154. Little Mermaid ya katuni ya 1989 ilikuwa dakika 83, hii mpya 135, nguva ni yuleyule, mwanamfalme yuleyule, mchawi wa baharini yuleyule, hizo dakika hamsini za juu ni za nini? Oppenheimer, ile ya mtengenezaji wa bomu la atomiki, saa tatu kamili bila kupumua, nilitoka kidogo kwenda msalani kurudi nakuta watu wameacha bomu wako kwenye vikao, sijui nani amshtaki nani.

Mtanicheka lakini iliyonipendeza zaidi ni Barbie. Ndio, na ndevu zangu. Dakika 114, yaanza, yachekesha, yakupa la kufikiri, yaisha. Ryan Gosling na ule ujinga wake wa farasi nlicheka mpaka jirani akaniangalia vibaya.

Sasa naulizeni, muvi zimebadilika ama ni mimi? Na kwa waliobakisha pesa, kipi kingine cha kwenda kuona kabla msimu haujaisha? Mke wangu ashasema hatoki tena usiku kwa kitu cha saa tatu maana tuktuk za saa sita zatulipisha kama tunahama nyumba.

---

nolan_damu

Yakhe hizo zingine sawa nakuunga mkono ila Oppenheimer usiichanganye humo. Ndefu ndio lakini imekamilika, hakuna mtu amekukatia katikati. Shida yako ni ile choo, wenyewe tulijipanga, mchana hakuna soda hakuna chai.

Hivyo vikao ulivyorudi ukavikuta ndio nusu ya kisa chenyewe. Angalia hivi ukiiona tena: ikiwa na rangi ujue waona kwa macho ya Oppenheimer mwenyewe, ikigeuka nyeusi na nyeupe ni upande wa Strauss, yule Robert Downey Jr, ambaye kinyongo chake ndicho kinachoivuta muvi yote. Mtu ukishalijua hilo haikuchanganyi tena. Na lile jaribio la bomu, Trinity, 16 Julai 1945, umeona vile mwanga ulitangulia halafu kimyaaa, watu wahema tu, ndio mshindo ukaja baadaye? Ndivyo ilivyo, sauti yachelewa, walioshuhudia wakiwa mbali waliona kabla ya kusikia. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata yule jamaa wa kula bisi kwa kelele aliacha. Muvi gani nyengine mwaka huu imemnyamazisha mtu wa Mombasa?

Kinachoniuma mimi ni kuwa zile kopi zenyewe alizozitaka Nolan, mwelekezi wake, IMAX ya filamu ya 70mm, ule mkanda mpana wa skrini kubwa kabisa, ziko sehemu 30 tu dunia nzima na Afrika hakuna hata moja. Mkanda wenyewe kama kilomita 18, uzito unapita kilo 250. Sisi tumeona ya dijitali ya kawaida na bado tumetetemeka.

Halafu jua hiyo Oppenheimer ndiyo iliyommaliza Tom Cruise wako. Yeye alitoka tarehe 12 Julai, tarehe 21 Nolan akachukua skrini za IMAX zote, kwa hivyo pikipiki na jabali vilikaa kwenye skrini kubwa wiki moja na kitu tu.

---

mamake_zuu_likoni

Wanaume mwalalamika urefu, nyinyi mwaenda wawili. Mimi naenda na watoto watatu na feri ya kurudi. Little Mermaid niliwapeleka, huyo wa mwisho akauliza mbona nguva hana mama, wa kati akamjibu yuko Likoni amwangoja, basi kicheko safu nzima. Ndefu kweli lakini watoto walitulia kwa zile nyimbo, na binti yangu kumwona yule msichana mweusi mwenye nywele za kusokota ndio malkia wa bahari, hamu yake yote iliisha, mpaka leo hataki kusukwa vyengine. Kwa hilo dakika 135 nawasamehe. Elemental ndio ilinipendeza zaidi mimi mwenyewe, ile ya moto na maji, yule baba aliyehamia mji wa watu na duka lake na binti asiyeweza kumwambia kuwa hataki kurithi duka. Hiyo ni nyumba ngapi hapa mjini? Watoto waliona rangi, mimi nililia kimyakimya nyuma ya leso.

Barbie nakuonya, si ya watoto wadogo. Wangu alitarajia midoli, akapata hotuba. Ile hotuba ya yule mama anayesema mwanamke awe hivi lakini asizidi, awe vile lakini asipungue, wamama tulikuwa twapiga makofi, yeye ashalala. Na dadangu aliyeko Kuwait kwa kazi hakuiona kabisa, huko mwezi huu imepigwa marufuku, sasa kila usiku anipigia nimhadithie. Nimekuwa mfasiri wa muvi 😂

---

babu_wa_makadara

Vijana wangu, tatizo si urefu. Tatizo ni INTAVALI.

Sisi tumekaa Sholay, ile ya 1975, masaa matatu na dakika ishirini na kitu, hakuna aliyelalamika. Kwa nini? Kwa sababu katikati taa zawashwa. Watoka nje, wapata kachiri zako za pilipili na ndimu, wavuta hewa, mwagombana kuwa Amitabh atakufa ama hatakufa maana stelingi hafi, mwarudi ndani na moyo mpya. Kumbi za Naaz, Regal, Majestic, kote ilikuwa hivyo. Intavali ilikuwa nusu ya utamu, na mabibi waliovaa vizuri wataonekana saa ngapi kama si hapo? Gizani? Na mtengenezaji wa picha wa Kihindi ajua intavali ipo, kwa hivyo ile nusu ya kwanza aimaliza kwa kitu cha kukushtua ili urudi. Wazungu nao walikuwa nayo, Ben-Hur ilikuwa na mapumziko, Lawrence of Arabia pia. Wakaiondoa lakini urefu wakauacha. Ndio hao sasa watu waenda msalani wakirudi bomu limekwisha.

Na huyu kijana alalamikaye nusu hadithi, intavali ya siku hizi wameifanya ya mwaka mzima, kisha wakulipisha tena kuingia.

Jengine. Naona watu wameshangaa sana kuwa Barbie na Oppenheimer zimetoka siku moja, ati ni maajabu. 15 Juni 2001 huko India zilitoka Lagaan na Gadar siku moja. Siku moja! Lagaan masaa matatu na dakika arubaini ya kriketi, mimi kriketi siijui mpaka leo lakini ule mpira wa mwisho nilisimama juu ya kiti, na hapo ni kwa kanda ya video nyumbani kwa shemeji. Na mwezi huu tarehe 11 ndio hiyo Gadar 2 imetoka, Sunny Deol yuleyule baada ya miaka 22, na siku hiyohiyo ikatoka OMG 2 ya Akshay Kumar. Hakuna aliyetia jina la kuunganisha kama hilo lenu la Barbenheimer wala kuvaa nguo za pinki. Ni Ijumaa tu.

---

flashi_tu

mi nangojea zije dukani hamsini bob kwa flashi, napumzika nikitaka, nakojoa nikitaka, intavali yangu mwenyewe babu 😂😂

---

nolan_damu

@flashi_tu utaiona Oppenheimer ya kamera, mtu amesimama mbele ya skrini katikati ya Trinity na mtoto analia. Pole.

---

flashi_tu

sasa si ndio tuongezee DJ Afro juu yake, yule msimuliaji wa muvi, huyo mtoto hutamsikia. Oppenheimer ya DJ Afro naweza lipa hata mia

---

seti_ya_bamburi

Kwa aliyeuliza: kuhusu hizo nusu zilizobaki usishike pumzi. Waandishi wa Hollywood wamegoma tangu 2 Mei na waigizaji wakawafuata 14 Julai, wote wawili pamoja mara ya mwisho ilikuwa 1960. Siku moja kabla kule London waigizaji wa Oppenheimer walikuwa kwenye uzinduzi wa muvi yao wenyewe wakaondoka zao kabla haijaanza maana mgomo ndio ulikuwa watangazwa. Wagombania malipo ya muvi zikienda kwenye mitandao, na wasitengenezewe sura zao na kompyuta bila ruhusa. Mimi nafanya kazi za kamera za harusi hapa, hilo la pili lanihusu hata mimi.

Matokeo yake ni kuwa Spider-Man ile ya kumalizia iliyopangwa mwezi wa tatu mwakani wameitoa kwenye ratiba kabisa, haina tarehe. Dune ya pili iliyokuwa ije Novemba, wiki hii wameisukuma mpaka Machi kwa sababu waigizaji wakiwa kwenye mgomo hawaruhusiwi hata kuitangaza. Kwa hivyo huu msimu uliouona ndio mnono, Krismasi itakuwa kavu kidogo. Kama hujaiona Gran Turismo jaribu, yule kijana wa gemu aliyekuja kuwa dereva wa kweli. Kisa chake rahisi lakini kimetokea, na kinaisha hahaha.

Na The Flash usithubutu.

---

kijana_wa_kibokoni

@babu_wa_makadara umenifungua. Kumbe ni intavali! Mke wangu amesoma akasema huyu mzee apewe wizara.

@nolan_damu nitairudia lakini ikiwa kwenye TV ya nyumbani. Strauss nilidhani ni adui mpya aliyeletwa nikiwa nje.

@seti_ya_bamburi The Flash nshaiona, usinikumbushe, wale watoto wachanga wakianguka kutoka hospitalini nilidhani ni gemu la simu. Lakini hilo la Spider-Man limeniuma. Haina tarehe kabisa? Miles amefungwa pale anangoja nini?

---

seti_ya_bamburi

Angoja wenye studio wakubali kulipa.

---

mamake_zuu_likoni

Hamjataja Jawan hata mmoja, mwajua kweli tarehe 7 Septemba yaja Jawan? Shah Rukh Khan na kichwa kimenyolewa! Pathaan mwezi wa kwanza niliiona na mashoga zangu tukarudi sauti hatuna. Hii nasikia Atlee ndiye ameielekeza, yule wa muvi za Kitamil, kwa hivyo ngumi zitakuwa za Kusini, mtu akipigwa apaa. Mimi nshasema nyumbani siku hiyo nikirudi chakula kitakuwa cha jana.

---

kijana_wa_kibokoni

Jawan dakika ngapi dada? Niulize mapema.

---

mamake_zuu_likoni

Nasoma 169.

---

kijana_wa_kibokoni

Subhanallah.

---

babu_wa_makadara

Usiogope, maandishi ya intavali yamo ndani ya picha yenyewe. Hata wakikataa kuwasha taa we yakitokea tu simama utoke, tutakutana nje. Mimi naja na kachiri.