Mrejesho: kifurushi nilichobadilishiwa bila kuulizwa

Wakuu, nimerudi. Kwa ambao hawakuona: kampuni yangu ya simu ilifuta kifurushi changu cha mwezi, ikanihamishia kipya chenye dakika lukuki, intaneti kiduchu na bei ya juu. Nikauliza nikomae nao au nihame.

Nilianza na mkataba, kama mlivyosema. Kumbe kuna kipengele: wakipandisha bei, mteja anaweza kujitoa bila faini, mradi atoe taarifa kabla bei mpya haijaanza. Huduma kwa wateja walinipigia porojo za "mfumo ndio umebadilisha" (mfumo gani huo usio na mwenyewe?). Nikaacha kupiga, nikaandika malalamiko, nikanukuu kipengele neno kwa neno na kuambatanisha picha ya meseji yao. Hapo lugha ikalainika. Wamenirudishia kifurushi cha zamani, ila mpaka mkataba uishe tu.

Nimekubali, lakini nahama. Nimeshaomba simu ifunguliwe itumie mtandao wowote, na namba nahama nayo. Laini ya zamani siifungi mpaka uhamisho ukamilike, maana ukiifunga mapema namba inaweza kupotea. Aliyenitonya hilo, asante sana.