Kanda za babu nshazitia kompyuta, sasa niandike nini mtu aje azielewe?

kijana_kibokoni: Assalam aleikum nduzangu, mwenzenu nimekwama. Babu alikuwa na duka la kanda hapa Mji wa Kale, Mombasa, kaacha makasha matatu, taarab, maulidi, harusi za watu, nyengine zishashika ukungu kwa hewa hii ya bahari. Nshatia kama 160 lakini mafaili yaitwa "harusi mpya 2 MWISHO KABISA" na mimi mwenyewe nilorekodi sijui harusi ya nani. Moja babu kaandika kwa herufi za Kiarabu "Mfungo Sita, kwa Bi Zena", basi, mwaka hamna. Nataka utaratibu wa maelezo ambao hata baada ya miaka 50 mtu ataelewa, nianzie wapi?

msomaji_wa_tudor: Usijitungie wako bro. Chukua Dublin Core, utaratibu wa maelezo ulio tayari, ilianza 1995 Dublin ya Ohio, Marekani, si ile ya Ireland. Vipengele 15 tu, jina la kitu, aliyetunga, tarehe, lugha, haki na kadhalika. Spredishiti yatosha.

fundi_redio: Yatosha wapi, hiyo yakwambia kanda ni ya nini tu, faili lenyewe limepitia nini haikwambii. Andika deki gani, siku gani, programu gani, hayo kwenye PREMIS, utaratibu wa kuandika historia ya faili, ndo huitwa matukio. Na kila faili litolee cheksamu ya SHA-256, yaani alama ndefu ambayo kompyuta huikokotoa kutoka faili lenyewe, likibadilika hata biti moja utajua, mimi hadidiski ilinifanyia, majina yote yapo ukifungua kimya. Ulirekodi WAV lakini?

kijana_kibokoni: MP3 😩

fundi_redio: Pole, rudia, MP3 hupunguza sauti ili faili liwe dogo. WAV, biti 24, kilohezi 96.

bint_mvita: Mwanangu, maneno ya babu usiyaguse, andika vile vile kwa herufi zake na lebo uipige picha, kando ndo utie Rabiul Awwal, ndio huo Mfungo Sita. Mwaka usibahatishe, kama ni miaka ya themanini andika 198X, hiyo X ni tarakimu usiyoijua, iko kwenye ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, tangu 2019. Majina nayo, Mohamed, Muhammad, Mohd, chagua moja la kutafutia la sivyo mtu mmoja atakuwa watatu. Na kile kipengele cha haki usikiruke ati, chakacha za ndani wale wanawake waliimbiana wao kwa wao, hawakukusudia zisikizwe na kila mtu. Andika nani aruhusiwa kusikiza.

kijana_kibokoni: Hilo wallahi sikulifikiria, na mbili nshazituma kwa grupu.

bint_mvita: Zifute leo leo. Huyo Bi Zena ni wa mtaa wa Kuze? Kama ndiye, bintiye yuko hai, njoo inboksi.