Erythrina caffra au affra: lipi sahihi?

mche_mpya: Habari wakuu. Kitabu changu cha miti ya Afrika Kusini kinasema Erythrina caffra, ule mti wa maua mekundu wa pwani ya Rasi ya Mashariki. Orodha mpya inasema Erythrina affra. Ni miti miwili, au kuna aliyekosea kuchapa?

shina_na_tawi: Mti ni huohuo, na hakuna aliyekosea. Julai 2024, kwenye mkutano wa kimataifa wa botania mjini Madrid, wataalamu walipiga kura 351 kwa 205 kuiondoa hiyo c. Zaidi ya spishi 200 za mimea, kuvu na mwani zimeguswa.

Asili ya caffra tunaijua sote: ni kafiri, neno la Kiarabu. Wareno walilichukua kwa wafanyabiashara Waarabu, Wazungu wa Rasi wakalifanya jina la kuwaita watu weusi, na nchi ya Waxhosa ikaandikwa Kaffraria kwenye ramani. Thunberg, Mswidi aliyeupa mti huu jina, alimaanisha huko tu. Lakini enzi ya ubaguzi wa rangi likawa tusi zito kuliko yote nchini humo. Kwangu hilo latosha. Mtoto wa Kixhosa asilazimike kukariri tusi lile ili apasi mtihani wa mimea ya kwao! Sasa, bila c, jina linasomeka "wa Afrika". Erythrina limebaki: ni Kigiriki, wekundu.

kitalu: Na Zantedeschia aethiopica, lile ua jeupe kama faneli? Kwao ni Afrika Kusini na Lesotho, Ethiopia imeingiaje?

shina_na_tawi: Ni jiografia ya kale. Wasomi wa Ulaya waliita Aethiopia karibu Afrika yote iliyo kusini ya Misri. Linapotosha, ila kanuni za majina ya mimea hazifuti jina kwa sababu hiyo, na mimi naona sawa. Tukianza hapo hatutamaliza. Hata natalensis, yaani "wa Natal" (Natal ni Krismasi kwa Kireno), ni kumbukumbu ya Krismasi ya 1497, Vasco da Gama alipopita pwani ile.

mche_mpya: Shukrani sana mkuu. Kwa hiyo Dovyalis caffra, ule wa uzio wenye miiba mirefu, nao ni affra?

shina_na_tawi: Naam, na Protea caffra vilevile. Ukikuta caffrorum, soma affrorum. Ukitafuta kwenye kumbukumbu za zamani, andika majina yote mawili, maana vielelezo vingi vya hebaria (hifadhi za mimea iliyokaushwa) bado vina lebo za awali.